Jina na Mwenye Jina

Zawadi ya kwanza apewayo mtu duniani ni jina. Hulipokea kabla hajajua kusema, na jina hilo huendelea kutajwa hata baada ya yeye kuzikwa, likitajwa na watu ambao hawakumwona. Lakini zawadi hii haichagui mwenyewe. Wazazi hutazama msimu wa mvua, au siku ya juma, au babu aliyefariki, wakampa mtoto wao jina. Akikua, jina humkaa vizuri au humbana, kama nguo iliyoshonwa kabla ya mwili kupimwa. Yako na majina mengine yasiyotolewa na wazazi. Hayo hutolewa na jirani, na shule, na serikali, na waganga, na wapita njia. Hayasemi mtu huyu ni nani, bali husema ni wa aina gani. Nataka kuzungumza juu ya majina ya namna hii, hasa yale yanayohusu jinsia ya mtu na wale anaowapenda. Kwa sababu majina hayo yamebadilika mara nyingi katika miaka 150 iliyopita, na kila yalipobadilika wako walioumia na wako waliopona.

Nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, tulikuwa na mwenzetu mpole wa sauti na wa mwendo. Hakuujali mpira, alipenda kupanda maua mbele ya bweni na kuyanywesha maji asubuhi. Hatukumwuliza neno. Tulimpa jina, tukamwita Shangazi. Jina hilo lilitoka bwenini likafika jikoni, na siku moja likatajwa darasani mbele ya mwalimu, tukacheka mpaka tukatokwa na machozi. Yeye naye alicheka. Muhula wa tatu hakurudi. Miaka mingi baadaye tulikutana kivukoni Likoni. Aliniita kwa jina langu na jina la baba yangu, akaniuliza hali ya mama yangu, ambaye alimwona mara moja tu siku ya wazazi. Nikafungua kinywa nimjibu kwa jina lake, nikakuta sina. Nililolikumbuka ni lile moja tulilombandika.

Hata leo sijui kama mwenzetu yule alikuwa katika fungu lolote kati ya yale nitakayoyataja hapa, wala sina haki ya kukisia. Huenda alikuwa mvulana kama sisi, aliyependa maua tu. Ninajua jambo moja: tulimpa jina la aina, tukapoteza jina la nafsi. Tangu siku ile nimejiuliza maswali matatu, nami nayaweka mbele yenu. Ni nani mwenye haki ya kumtaja mtu kwa aina yake? Kwa nini kila kizazi huja na majina yake mapya? Na je, kubadilika kwa majina ni ushahidi kwamba jambo lenyewe ni mtindo wa kupita tu?

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Basi kabla ya kujibu yafaa kupambanua. Mambo matatu huchanganywa katika mazungumzo ya watu, nayo ni mbalimbali. La kwanza ni mwili. Wengi huzaliwa na mwili ulio dhahiri wa kike au wa kiume, na wachache huzaliwa na maumbile yasiyoelekea upande mmoja. Kiswahili huwaita hao huntha, na katika Kenya ya leo huitwa pia watu wenye jinsia mbili. La pili ni nafsi, yaani jinsi mtu anavyojijua ndani yake. Watu wengi nafsi zao hukubaliana na walivyoandikwa siku ya kuzaliwa. Wengine hujijua kuwa wa upande wa pili. Hao huitwa transijenda. Na wako ambao, wakijitazama kwa unyofu, hawajioni kuwa wanaume wala wanawake, au hujiona kuwa na kitu cha pande zote. Hao siku hizi hujiita nonbainari, maana yake wasiokaa katika mojawapo ya mafungu mawili. La tatu ni moyo, yaani ni nani ampendaye mtu. Wako wanaume wapendao wanaume, na wanawake wapendao wanawake, na wapendao pande zote.

Mwili, nafsi na moyo si kitu kimoja. Huntha aweza kujijua kuwa mwanamke bila shaka yoyote. Mtu nonbainari aweza kuwa na mwili usio na ajabu hata kidogo. Anayempenda mwenziwe wa jinsia moja aweza kuwa mwanamume kamili katika kujijua kwake. Asiyejua tofauti hizi hutupa watu wote katika kapu moja, akalifunika, kisha akasema anawafahamu.

Sasa tuulize kama watu hawa ni wapya. Mwaka 1752, katika mji wa Cumberland, Rhode Island, nchini Marekani ya leo, alizaliwa mtoto akaitwa Jemima Wilkinson. Alilelewa katika madhehebu ya Marafiki, ambayo wafuasi wake ni wengi pia huku kwetu katika magharibi ya Kenya. Mwaka 1776 aliugua homa kali, na alipoinuka kitandani alisema kwamba Jemima amekufa, na kwamba aliye katika mwili ule sasa si mwanamume wala mwanamke, ila ni Rafiki wa Watu Wote aliyetumwa kuhubiri. Tangu hapo hakuitikia tena jina la kwanza. Alivaa mavazi yaliyofanana na ya wahubiri wa kiume, akasafiri, akapata wafuasi, akaanzisha makazi pamoja nao katika New York ya magharibi, akafa mwaka 1819. Wafuasi wake walijitahidi kumtaja kwa jina la Rafiki tu, maana lugha yao iliwalazimisha kuchagua kati ya neno la kiume na neno la kike kila walipotaka kusema habari zake. Mimi ninayeandika kwa Kiswahili sikupata taabu hiyo. Nimesema alihubiri, alisafiri, alikufa; na msomaji hakukwama.

India nako wako mahijra, jamaa wa tangu kale ambao hawahesabiwi kuwa wanaume wala wanawake, na ambao watu huwaita wabariki maharusi na watoto wachanga. Wanazuoni wa Kiislamu nao waliandika karne nyingi zilizopita juu ya huntha, wakaulizana atapewa fungu gani katika mirathi na atasimama safu gani katika sala. Sitaji mambo haya ili kusema kwamba mahijra, na huntha, na Rafiki yule ni kitu kimoja na vijana wanaojiita nonbainari leo. Si kitu kimoja. Kila mmoja ni wa nchi yake na wa wakati wake. Nayataja kuonyesha kwamba watu wasiotoshea katika mafungu mawili walikuwapo kabla ya majina ya leo. Jina ni jipya. Mwenye jina ni wa zamani.

Tuje sasa kwa swali la majina kubadilika. Wahenga walisema kila zama na kitabu chake, na historia hii ni vitabu juu ya vitabu. Mwaka 1869 mwandishi Karl-Maria Kertbeny alichapisha vijitabu vya kuipinga sheria ya Prussia iliyowafunga wanaume waliopendana. Katika vijitabu hivyo alitumia neno alilolibuni mwenyewe, homoseksuali, kwa kuunga Kigiriki na Kilatini. Kwake lilikuwa neno la kutetea, lisilo na tusi ndani yake. Walakini waganga walilichukua, na mikononi mwao likawa jina la maradhi. Likakaa katika vitabu vya maradhi miaka mingi. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kililiondoa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990. Angalieni safari ya neno moja: lilizaliwa mtetezi, likafanywa mshitaki, na ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuachiliwa.

Kwa sababu hiyo waliokuwa vijana miaka ya 1950 hawakulitaka. Mwaka 1950 watu wachache huko Los Angeles walianzisha chama cha Mattachine, na mwaka 1955 wanawake wa San Francisco wakaanzisha chama chao, Mabinti wa Bilitis. Wengi wao walipendelea neno homofaili, kwa kuwa ndani yake mna Kigiriki cha upendo. Walivaa suti na tai, walizungumza kwa adabu, waliomba tu waachwe wafanye kazi na kuishi. Adabu ile ilikuwa ngao yao. Aliyejulikana alipoteza kazi, na mara nyingine nyumba na jamaa.

Likaja kundi la tatu. Usiku wa tarehe 28 Juni 1969 polisi walivamia baa ya Stonewall Inn mjini New York, na waliokuwamo, badala ya kuinamisha vichwa kama desturi, walipigana nao. Vijana wa baada ya usiku ule waliliona neno homofaili kuwa la woga. Wakashika neno la Kiingereza "gay", ambalo asili yake ni uchangamfu, wakalipaza barabarani. Wanawake wengi nao walisema neno hilo lawafunika, wakashika jina litokalo katika kisiwa cha Lesbos, alikoishi mshairi Sappho karne nyingi kabla ya Kristo. Kisha waliopenda pande zote na transijenda wakasema wao pia wamesahauliwa. Ndipo herufi zikaunganishwa moja baada ya moja, L, G, B, T, na nyingine baadaye.

Mwaka 1990 vijana wengine wa New York walifanya jambo lililowashtua wazee wao. Waliliokota neno "queer", lililokuwa tusi zito la Kiingereza, wakalifanya jina la chama chao. Hoja yao ilikuwa kwamba tusi likishikwa na mtukanwa mwenyewe, mtukanaji hubaki mikono mitupu. Katika miaka iyo hiyo walianza kusikika waliosema kwamba hata jinsia mbili hazikuwatosha, na katika karne hii neno nonbainari likaenea. Canada, katika sensa yake ya mwaka 2021, iliuliza swali hilo waziwazi, na watu 41,355 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walijibu kwamba wao ni nonbainari.

Katika njia hii ndefu wazee na vijana waligombana, na ugomvi wao una mafunzo kwetu. Tuseme yupo bibi wa miaka 80 aliyefukuzwa kazi ujanani kwa kumpenda mwanamke mwenziwe. Alipigania neno moja, akalilipia kwa ujana wake, na sasa mjukuu wake amwambia neno lile ni la kizamani, limebana, yeye ana jingine. Bibi husikia kana kwamba maisha yake yamefutwa. Tena mjukuu ajiita kwa neno ambalo bibi alitupiwa pamoja na mawe. Mjukuu naye husikia kana kwamba bibi, aliyenyimwa haki ya kujitaja, sasa amnyima mwingine haki iyo hiyo. Mwenye haki ni nani? Naona wote wawili, ila kila mmoja katika mpaka wake. Bibi ana haki ya neno lake, na hapana kijana awezaye kumvua nguo aliyoishona kwa damu. Mjukuu ana haki ya neno lake, na hapana mzee awezaye kumlazimisha avae nguo ya mwingine. Makosa huanza pale mmoja anapotaka neno lake liwe kipimo cha mwenziwe.

Tena wazee wana sababu nyingine ya kuyaogopa majina, nayo vijana hawana budi kuielewa. Jina likiwa mikononi mwa mwenye nguvu huwa kitanzi. Mwaka 1871 serikali ya Waingereza nchini India ilipitisha sheria iliyoagiza mahijra waandikwe katika daftari la polisi, na aliyeandikwa akakatazwa mavazi na kazi zake za desturi. Daftari lilikuwa na jina na mahali, na jina hilo lilitosha kuwa hatia. Ilipita miaka 143 ndipo Mahakama Kuu kabisa ya India, mwaka 2014, ikawatambua kuwa jinsia ya tatu yenye haki za raia. Katika Ujerumani ya Manazi, wanaume waliopatikana na hatia ya kupendana walipelekwa makambini, wakashonewa pembetatu ya rangi ya waridi kifuani ili wajulikane. Basi mzee akikwambia hataki kuandikwa popote, usimwite mwoga. Ameona daftari likifunguliwa.

Msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Tutazame lugha yetu wenyewe. Mwanamke wa pwani humwita mwenziwe shoga kwa mapenzi. Shoga yake ndiye mwandani wake, mlinzi wa siri zake. Neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume huwa jiwe. Herufi ni zile zile na sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni mkono uliolishika. Katika Uganda, watu wa mafungu haya walijitafutia neno lao wenyewe, kuchu, ili wawe na jina moja walau lisilotoka kinywani mwa adui.

Nimekwisha kusema kwamba Kiswahili hakimlazimishi msemaji kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke. Yeye ni yeye. Waingereza, ambao hawana neno kama letu, wamelitwaa neno lao la wengi, "they", walilolitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, wakampa mtu nonbainari. Na mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililitangaza kuwa neno la mwaka. Kumekuwa na mabishano makali huko juu ya neno hilo dogo. Sisi tulirithi bila jasho kile wanachogombania. Lakini tusijisifu upesi. Tulipomwita mwenzetu Shangazi, tulikuwa tukisema Kiswahili. Lugha isiyobagua katika sarufi yaweza kubagua katika kinywa. Sarufi ni mlango ulioachwa wazi. Kumkaribisha mgeni ni kazi ya mwenye nyumba.

Nchi yetu imeanza kuipima kazi hiyo. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya ilihesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto wa namna hiyo na kuwapa ulinzi. Juu ya wapendao jinsia yao, sheria ya jinai iliyotoka katika enzi ya ukoloni ingali ipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuifuta mwezi wa Mei 2019. Walakini ilitokea kesi nyingine, nayo ilikuwa kesi ya jina. Mwanasheria mmoja alitaka kusajili shirika la kutetea haki za watu hao, na ofisi ya usajili ikakataa kwa sababu ya maneno yaliyokuwa katika jina la shirika. Kesi ilipanda ngazi hadi ngazi, mpaka tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kuwanyima watu haki ya kujumuika kwa sababu ya mwelekeo wao wa mapenzi tu ni kinyume cha Katiba. Sheria ya jinai haikuguswa, na mabishano makubwa yalifuata. Lakini fikirini: watu walikaa mahakamani takribani miaka kumi wakishindania haki ya kuandika ubaoni wao ni nani. Jina lingekuwa jambo dogo, nani angelipigania hivyo, na nani angelikataa hivyo?

Najua wako watakaonipinga, nami sitaki kuwapita bila salamu. Wa kwanza husema: majina yenyewe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ni mtindo, kama suruali pana na suruali nyembamba. Jibu langu ni kwamba kubadilika kwa jina hakuthibitishi uongo wa kitu. Ugonjwa wa kifafa uliitwa pepo, kisha ukaitwa maradhi. Mgonjwa hakuwa uongo wakati wa jina la kwanza wala la pili. Hata hivyo nakubali kwamba kijana aweza kujipa jina leo na kesho akaliacha. Hilo si udanganyifu. Aliye na miaka 16 angali akijisoma, na msomaji hulaumiwa kwa kufunga kitabu, halaumiwi kwa kurudia ukurasa.

Wa pili husema majina yamekuwa mengi mno, hawawezi kuyashika. Huyo ana udhuru wa kweli, na vijana wamvumilie. Mzee akikosea kwa kutojua, asahihishwe kwa upole anaostahili. Akikosea kwa makusudi, hapo ndipo adabu imekosekana. Wala hakuombwa ajue majina yote ya dunia. Ameombwa ajue moja, la mtu aliye mbele yake.

Wa tatu husema dini yake au mila yake haikubali mambo haya. Siandiki ili kumnyang'anya mtu imani, wala insha moja haimalizi mjadala ambao nyumba za ibada na mahakama hazijaumaliza. Nasema kwamba kuna umbali kati ya kutokubaliana na mtu na kumdhalilisha. Imani inayomfundisha mtu kumtii Muumba haimfundishi kumdhihaki kiumbe. Waweza kushika lako kwa nguvu zako zote, na bado ukamwita jirani yako kwa jina lake, ukamgawia chakula, ukamtetea akipigwa. Akutukanaye hakuchagulii tusi, walisema wahenga. Lakini mwenye kuheshimu huchagua neno, tena hulichagua polepole.

Limebaki onyo moja, nalo nawapa wale walioshika majina mapya kwa furaha. Jina ni taa ya kumwonyesha mtu njia. Lisiwe kibanda cha kumfungia. Wako watakaofarijika kujua kwamba hali yao ina jina na kwamba hawako peke yao duniani. Kwao neno moja ni kama kisima jangwani. Wako wengine wa hali iyo hiyo wasiotaka jina lolote, na hao nao waachwe. Kumlazimisha mtu kujitangaza ni jeuri sawa na kumlazimisha kujificha. Siri ya mwenzako uliyoijua si mali yako, hata kama waitaja kwa nia njema. Katika nchi ambamo sheria na mikono ya watu yaweza kumdhuru, kuitaja ni kumweka hatarini.

Basi tukirudi kwa maswali yetu, haya ndiyo majibu niliyoyapata. Mwenye haki ya kutaja aina ya mtu ni mtu mwenyewe, na wengine ni wasikilizaji. Kila kizazi huja na majina yake kwa sababu majina ya jana yamechafuliwa na adui, au yameacha watu nje, au yamewabana waliomo. Na kubadilika kwake hakuonyeshi kwamba watu hao hawapo. Huonyesha kwamba wapo na wangali wakitafuta neno litakalowatosha.

Kivukoni Likoni siku ile, kengele ya pantoni ililia kabla sijapata ujasiri wa kukiri. Hatimaye nilimwambia, "Ndugu yangu, nisamehe, jina lako limenitoka." Alinitazama kidogo, akalitaja, majina yote matatu, taratibu, kama anayemwandikia mtoto ubaoni. Sitaliandika hapa, maana ni lake. Ila nimelishika. Nawe, kijana msomaji, labda kesho utakaa darasani karibu na mwenzako ambaye wengine wamempa jina la kucheka. Huna haja ya kujua fungu lake, wala ya kulikubali au kulikataa. Jua jina lake, na umwite kwalo, kwa sauti ambayo wengine watasikia.